Nani Atashika Mkongojo wa Myron

Barabara ya Pili,
Alma, Wisconsin.
Jumanne, 11 Juni 2019.

Mpendwa wifi yangu Arlys,

Salamu nyingi kutoka huku mtoni, na natumaini barua hii itakukuta mzima na umekaa kivulini. Habari za Tucson? Habari za masikio? Binti yetu Trudy ameniambia kwamba kile kifaa kipya kinakupigia mluzi hata katikati ya mahubiri, na kwamba sasa umekizika kwenye droo pamoja na betri zake. Pole sana. Lakini sitakuficha, nimefurahi kidogo. Bila kifaa simu haikufai kitu, inabidi tuandikiane, na kwenye barua huwezi kunikatiza.

Na goti lako je? Hilo joto la huko linalituliza, au linakupika tu wewe mzima mzima?

Sisi hatujambo kwa kiasi chetu. Mimi na presha yangu tumeshazoeana, kila mmoja anamjua mwenzake. Theluji ilipoyeyuka mto ulipanda ukaingia kwenye chumba cha chini cha kanisa, tukahamisha viti vyote na ile piano mbovu ambayo wengi tuliomba ichukuliwe na maji. Haikuchukuliwa. Sasa mto umetulia na matishari yanapita tena. Stroberi zimeiva zote kwa mpigo, kama kawaida yake, na jikoni kwangu hakuna pa kuweka hata kikombe. Nitakutumia jamu kwa posta, na safari hii nitaifunga vizuri kuliko mwaka jana.

Trudy yuko Eau Claire, bado anafanya kazi kwa yule daktari wa meno, bado hana mchumba. Usimwulize. Nimeshamwuliza mimi kiasi cha kutosha sisi wote.

Sasa nije kwenye lililonikalisha hapa mezani. Ni huyu mdogo wako Myron.

Unajua nyonga yake ilipasuliwa tena mwaka jana, majani yalipokuwa yanapukutika. Nyonga yenyewe imepona, lakini mshipa wa fahamu ulioguswa haukuamka. Mguu wa kushoto umekufa ganzi kuanzia gotini kwenda chini. Akiuinua, wayo unaning'inia. Daktari alisema atembee na mkongojo maisha yake yote. Kuhusu pikipiki hakusema lolote, kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Mimi nilifungua mdomo niulize, Myron akanitupia jicho, nikaufunga. Wewe unalijua jicho hilo, ni la baba yenu.

Basi mwezi wa Aprili barabara zikakauka. Kila asubuhi nilimsikia kule kwenye banda la gari, kitambaa kinafuta, redio inaimba, na mkongojo unagonga sakafu akiizunguka ile Harley yake. Nikajisemea, mwache aifute, kufuta hakujaua mtu. Kumbe alikuwa anafikiria ataubebaje mkongojo. Gia aliona ataiweza, maana ile yake inasukumwa hata kwa kisigino, na kisigino kinasukumwa na nguvu ya paja, ambalo bado ni zima. Tatizo lake lilikuwa moja tu: afike kwenye ule mkahawa wake wa pai, ashuke, halafu atembee na nini?

Kwanza aliufunga nyuma kwa kamba za mpira. Ukateleza ukaegemea bomba la moshi, ile soli ya mpira ya chini ikayeyuka, na harufu yake ikakaa kwenye koti lake hadi Pentekoste. Mara ya pili aliulaza kwa kukingama, akasahau kwamba amekuwa mpana, akaling'oa sanduku la barua la Duane Kupietz alipokuwa anapita. Mara ya tatu aliuchomeka mgongoni ndani ya koti kama panga, akashindwa kuinama kuingia kwenye tandiko. Alisimama pale wima, mwekundu, amejichomeka kijiti kama mahindi ya maonyeshoni. Nilicheka hadi nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Aliuchomoa, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akatazama sakafu.

Arlys, mimi naweza kuvumilia akinuna. Akinuna nampikia. Lakini kukaa namna ile, bila neno, mikono juu ya magoti, sikuweza. Nikasema lile neno ambalo ningelirudisha kama ningeweza. Nikasema, "Basi nipe, nitakushikia mimi."

Tangu siku hiyo mimi ndiye mshika mkongojo. Nilikuwa nimeacha kukaa nyuma ya pikipiki tangu Trudy alipomaliza shule, sasa nimerudi na mifupa ya bibi kizee. Mkongojo naukalisha katikati yetu, chini nimeukanyaga kwenye pa kuwekea mguu, juu kile kishikio kilichopinda nakiegemeza begani kwangu. Tukifika, nainama na kukitumia kile kishikio kuvuta stendi ya pikipiki itoke, maana mguu wake hauwezi tena kuipiga teke. Halafu nashuka, nampa mkongojo, naye anashuka taratibu kama bwana mkubwa. Wenzake anaoendesha nao pikipiki kila Jumanne walipotuona mara ya kwanza walipasuka.

"LaVonne, umekuja na ndoana? Leo tunakula samaki?"

"Samaki nimeshamvua miaka arobaini na sita iliyopita," nikawajibu. "Hii ni ya kumrudishia majini."

Wakacheka, Myron naye akacheka, tukala pai. Nakwambia ukweli, siku zile zilikuwa nzuri. Majabali yalikuwa yamevaa kijani, na kila mwendesha pikipiki tuliyepishana naye alitushushia vidole viwili, salamu yao ya barabarani, nasi tukamshushia.

Lakini kuna jambo ambalo sikumwambia mtu, nakwambia wewe. Kwa kuwa mkongojo ulikuwa mkononi mwangu, funguo nazo zilikuwa mkononi mwangu. Nisipopanda, haendi. Upepo ukiwa mkali, mgongo wangu ulianza kuuma. Mawingu yakijikusanya upande wa Minnesota, mgongo unauma. Wikendi ya ukumbusho wa mashujaa, wenye pikipiki wote wa jimbo wakiwa barabarani na nusu yao wamekunywa, mgongo wangu ulikuwa hoi kabisa. Nilipanga mwezi ujao, wale wadudu wa mtoni watakapoibuka na kufunika barabara hadi iteleze kama sabuni, niugue wiki nzima. Na vuli ikija nipunguze safari kidogo kidogo, mpaka azoee bila kukatazwa. Mtu mzima hakatazwi, anapunguziwa.

Nadhani alinishuku. Siku moja alisema, "Mama, huo mgongo wako unajua hali ya hewa kuliko redio." Niliendelea kumenya viazi.

Sasa sikia kilichotokea. Ijumaa iliyopita tulikwenda kula samaki kama kawaida. Duane akaingia amekumbatia kitu kimefungwa kwa gazeti. Unamkumbuka Duane, yule jirani fundi wa kuchomelea, ambaye mikono yake haitakati hata siku ya harusi. Akamwambia Myron afungue. Ndani kulikuwa na bomba la plastiki, refu kiasi cha mkongojo, limepakwa rangi nyeusi, ndani limebandikwa kipande cha zulia ili usigonge gonge, chini limefungwa na kizibo, juu lina mkanda wa mpira wa kuubana. Na vibano viwili vya chuma vya kulifungia kwenye pikipiki, nyuma upande wa kulia, juu kabisa mbali na bomba la moshi. Kazi safi, siwezi kuisingizia. Wenzake wakapiga meza. Myron aliuingiza mkongojo, akautoa, akauingiza, akautoa, mpaka samaki wake akapoa.

Halafu akanigeukia, uso wote unang'aa. "Umepumzika sasa, mama. Mgongo wako utapata nafuu."

Alisema kwa mapenzi, Arlys. Hakunikejeli. Ndiyo maana nilishindwa hata kukasirika.

Kesho yake nilimfuata Duane karakanani kwake. Nilikuwa na hotuba nzima.

"Nani alikutuma?" nikamwuliza.

"Hajanituma mtu. Lile sanduku langu la barua nimeshalitundika upya, sitaki kulitundika tena."

"Duane, mguu wake umekufa. Akianguka je?"

"Akianguka tutamwinua."

"Atakuwa peke yake! Alikuwa haendi bila mimi. Sasa umempa ruhusa."

Aliweka nyundo chini, akafuta mikono kwenye suruali. "LaVonne, yule ataendesha. Wewe unajua, mimi najua. Nisipomtengenezea, iko siku utakuwa na mgongo na yeye atakuwa na hamu, ataufunga tena kwa zile kamba, uingie kwenye gurudumu la nyuma akiwa mwendo wa maili sitini. Wewe ungechagua lipi?"

Nilisimama pale na hotuba yangu, nikaishia kumwuliza kama mkewe anataka stroberi.

Trudy alishauri auze, anunue ile ya magurudumu matatu, haianguki hata ukilala juu yake. Mimi nikaona wazo zuri. Baba yake akamjibu kwa simu, "Magurudumu matatu niliendesha nikiwa na miaka mitatu. Na nilikuwa navaa nepi. Nepi nazo utaninunulia?" Mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa Alhamisi anataka kwenda kile kijiji cha Stockholm, hapo juu ya mto, kula pai, peke yake. Nilimwambia siwezi kwenda, nina jamu jikoni. Nilikuwa na hakika atasema basi, twende siku nyingine. Aliniangalia kidogo akasema, "Haya, baki na jamu yako." Akaenda kupima upepo wa magurudumu.

Ndiyo sababu nakuandikia. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini sikio la Myron lina mtu mmoja tu linayemsikia, na mtu huyo ni wewe. Mimi akinisikiliza ni kwa adabu. Wewe ulimkataza kuruka kutoka juu ya ghala la majani na mpaka leo akipanda ngazi anakutaja. Mwandikie, wifi. Mwandikie kwa zile herufi zako kubwa. Mwambie aache, mwambie ni agizo la dada mkubwa, mwambie chochote. Najua barua hii haitakufikia kabla ya Alhamisi, lakini kuna Alhamisi nyingine nyingi, na mimi sina silaha tena. Mgongo wangu sasa hauna kazi.

Naiacha hapa kwanza. Sufuria inafoka.

Ijumaa, 14 Juni.

Wifi, barua ilikuwa bado mezani bila stempu. Ningeweza kuichana, lakini nimeona niendelee pale pale ujue yote.

Alikwenda. Jana baada ya chakula cha asubuhi, jua likiwa zuri, upepo hakuna, hata kisingizio mbingu zilininyima. Pale bandani gurudumu la mbele linakaa kwenye kile kibano cha sakafuni kinachoishika pikipiki wima, kwa hiyo alipanda bila taabu, akaitoa kinyumenyume kwenye ule mteremko mdogo, akanyoosha. Mkongojo ulisimama nyuma yake kwenye bomba lake. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi. Alishusha vidole viwili, kana kwamba mimi ni mgeni wa barabarani, akaondoka. Nilimsikia hadi mwisho wa mji, halafu treni ikapita ikameza sauti yake.

Sitakueleza hali yangu. Niliunguza jamu sufuria nzima, na mimi sijaunguza jamu tangu niolewe.

Simu ikalia. Ni yeye.

"Unafanya nini?" akauliza, sauti ya kawaida kabisa.

"Nasugua sufuria. Uko wapi?"

"Niko Pepin, kituo cha mafuta. Kuna joto zuri hapa." Halafu akauliza, "Una shughuli nyingi sana?"

"Myron, umeanguka?"

"Sijaanguka. Nani kasema nimeanguka? Nilikuwa nauliza tu, kama una nafasi, kama si usumbufu, uje hapa univutie stendi."

Ndipo nikaelewa, nikakaa kitini. Arlys, sote tulifikiria mkongojo utabebwaje. Duane alifikiria zulia la ndani na kizibo cha chini. Wenzake wakapiga meza. Na mimi niliyekuwa nikiinama kuivuta ile stendi kila safari, kwa mkono wangu huu, hata mimi sikukumbuka! Nyumbani haihitajiki, kibano kinaishika. Kwa hiyo hakuna aliyejua, mpaka aliposimama mahali pa kwanza pasipo na mimi.

Na alikuwa amesimama vibaya. Aliingia kichwa mbele, mbele ya ukuta wa duka, pale ardhi inapoinama kuelekea ule mto uliopanuka kuwa ziwa. Kurudi nyuma lazima uisukume kwa miguu kupanda, na yeye ana mguu mmoja. Kwenda mbele ni ukuta. Kushuka hawezi bila stendi, stendi haitoki bila mguu wa kushoto, au bila kishikio cha mkongojo, na mkongojo uko nyuma yake upande wa kulia. Kujipinda nyuma ndiko hasa ambako nyonga ile imekatazwa, na akijipinda, uzito wote wa lile lichuma unamlalia. Basi alikaa pale juu, wayo mmoja mzima chini na mmoja wa mapambo, ameishika isianguke.

Niliendesha pikapu kama mwizi. Njia nzima niliomba, na ukitaka kujua niliomba nini, sikumbuki.

Nilipofika alikuwa bado kakaa vile vile. Mgongo umenyooka, miwani ya jua usoni, kama mtu aliyepumzika akitazama tangazo la barafu ukutani. Shati limeloa jasho lote, na vidole kwenye usukani vimekuwa vyeupe. Mama mmoja wa dukani alitoka mlangoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu ni wako? Amekaa muda mrefu. Nilidhani anamsubiri mtu."

"Hukumwuliza kama anahitaji msaada?"

"Nilimwuliza. Akasema anaipoza injini."

Akaniambia kwamba kundi zima la waendesha pikipiki kutoka La Crosse liliingia, wanaume wenye mikono kama mapaja yangu. Walijaza mafuta, wakaja kumsalimu. "Pikipiki safi hiyo, mzee. Na hicho kibebea fimbo umekitoa wapi?" Naye akawaeleza habari za Duane, na zulia, na kizibo, na hali ya hewa, akawachekesha. Walisimama karibu naye hivi, Arlys, mtu angeweza kunyoosha mguu tu akaivuta ile stendi. Lakini wewe unajua ilivyo kwao: pikipiki ya mwenzako huigusi mpaka uambiwe. Wao hawakugusa kwa heshima, yeye hakusema kwa heshima yake mwenyewe. Wakamshushia vidole viwili wakaenda zao. Akabaki ameshika.

Ng'ombe akivunjika mguu malishoni hukimbilia zizini. Huyu wetu hakuweza hata kukimbia.

Nilipiga magoti, nikaivuta stendi, nikamwambia, "Laza." Akailaza polepole mpaka ikakaa. Nikachomoa mkongojo kwenye lile bomba zuri, nikampa. Hakuupokea. Alikaa tu ameinamisha kichwa, na mguu wake ule mzima ulikuwa unarukaruka wenyewe kwa uchovu.

"Ngoja kidogo, mama," akasema. "Ngoja kidogo tu."

Nikangoja. Baadaye nilimshika kwapani, akashuka, nikamkalisha kwenye benchi. Yule mama akatuletea kahawa akarudi ndani haraka, Mungu ambariki. Tulikunywa tukitazama maji.

"Duane asijue," akasema.

"Hatajua."

"Wala Trudy."

"Wala Trudy."

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka unihukumu. Ile ilikuwa siku yangu. Nilikuwa nimeisubiri tangu Aprili. Pikapu yangu ilikuwa pale, funguo ziko mkononi, yeye hana nguvu ya kubishana hata na mtoto mchanga. Maneno nilikuwa nayo tayari mdomoni: Myron, imetosha, panda gari, tutampigia mtu aje na trela aichukue, na iuzwe. Angekubali. Nilimwona usoni, angekubali. Alikuwa anasubiri niseme, kama mtu anavyosubiri sindano.

Akasema, bila kunitazama, "Kama mngenisaidia kuisukuma nyuma, wewe na yule mama, naweza kuirudisha nyumbani. Tatizo ni kushuka tu. Kuendesha, naendesha." Hilo neno la kusaidiwa sijawahi kumsikia akilisema mahali pa watu. Halafu akaongeza taratibu, "Lakini sitaki kwenda peke yangu."

Nikafungua mdomo niseme lile langu. Nikasema, "Sina helmeti. Nimekuja na pikapu."

"Iko kwenye sanduku la nyuma," akasema.

Niliinuka, nikaenda, nikafungua lile sanduku la pikipiki. Helmeti yangu ilikuwemo, ile ya bluu, imefungwa kwenye sweta langu ili isikwaruzike. Alikuwa ameiweka asubuhi, Arlys. Mimi nimebaki na jamu yangu, yeye anakwenda peke yake kwa hiari yake, na amebeba helmeti yangu. Sikumwuliza kwa nini. Angesema ilikuwemo tu, na ningelazimika kumwamini.

Basi niliivaa. Ndivyo nilivyo, sina cha kujitetea. Tuliisukuma nyuma mimi na yule mama, Myron akiwa juu ameshika usukani, halafu nikapanda. Mkongojo ulikuwa kwenye bomba lake. Kwa mara ya kwanza tangu Aprili mikono yangu haikuwa na cha kushika, kwa hiyo nilimshika yeye. Alikuwa anatetemeka. Alitetemeka kutoka Pepin hadi Nelson, na kutoka Nelson hadi nyumbani, na bado aliiendesha imenyooka kama reli. Watu walitushushia vidole viwili, yeye akawashushia, na mimi nikamkaza zaidi ili asijue kwamba nimejua.

Pikapu bado iko Pepin. Sijui nimwambie nani anipeleke kuichukua bila kumweleza. Myron amelala mchana huu wote. Kabla ya kulala alisema Jumanne kuna safari ya Wabasha, kama mgongo wangu utakuwa mzuri.

Nimeisoma tena ile sehemu ya juu niliyokuomba umkataze. Sikuifuta, maana ni kweli, na woga niliokuwa nao Jumanne leo ni mara mbili. Mwandikie, wifi yangu. Tumia herufi zako kubwa. Lakini juu ya bahasha andika majina yetu wote wawili, maana wa kukatazwa sasa si mmoja.

Nisalimie shemeji Orville, mwambie aache kunywa soda kwa siri, daktari wake ameshamwambia. Nisalimie Connie na mumewe, na yule mtoto wao mpya ambaye sijamwona, mbusu kwenye nyayo kwa niaba yangu. Mchungaji na wanawake wote wa kanisani wanakusalimu. Myron naye angekusalimu kama angejua naandika.

Mungu akuweke, akupunguzie joto, akuongezee masikio. Na atushike sisi huku, hasa siku za Jumanne.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye bila kuchoka,

LaVonne